Siku Betri Alipoizima Redio ya Kaka Yake

Kituoni walimwita Betri, na jina lilimkaa kama kiatu cha kupimwa. Kazi yake ilikuwa redio za mkononi, zile ambazo askari huzining'iniza begani au kiunoni: kuzilehemu waya zikikatika, kuzibadilishia antena, kuzichaji, na zaidi ya yote kuwafuata watu wazima wenye vyeo vyao korido nzima akiwauliza betri ya jana iko wapi. Hakuwa askari. Hakuwa na sare, hakupigiwa saluti wala hakumpigia mtu. Alivaa koti la bluu la karakana, na kila mfuko wa koti lile ulikuwa na bisibisi. Koplo wa chumba cha mawasiliano, mtu wa masihara, alipenda kuwaambia wageni kwamba humo ndani kuna watu wa aina tatu: askari, mahabusu na Betri, na kati ya hao ni Betri peke yake asiyejua atatoka lini.

Karakana yake ilikuwa stoo ya mafagio kabla hajaletwa. Ukutani zilipangwa chaja zenye taa ndogo, nyekundu kwa betri zenye njaa na kijani kwa zilizoshiba. Mlango wa pili wa chumba hicho uliingia moja kwa moja kwenye chumba cha mawasiliano, ambako simu za dharura zilipokelewa, koplo akikaa mbele ya mtambo wa redio akiyatuma magari ya doria huku na huku. Betri alifundishwa kuushika mtambo ule pia, maana ndiye aliyeutibu ukigoma, na koplo naye ni binadamu, ana tumbo.

Aliyemleta kazini alikuwa kaka yake mkubwa, Sajenti. Baba yao alifariki Betri akiwa bado mtoto wa madarasa ya chini, na tangu siku ile kaka ndiye aliyekuwa kichwa cha nyumba. Mama yao aliondoka alfajiri kwenda kazini, kwa hiyo kijana yule alijifunza kumsuka mdogo wake kabla ya shule, mistari ikienda kombo kama barabara ya mlimani, na wasichana wenzake wakamcheka mpaka basi. Betri hakuwahi kumwambia kaka kwamba alichekwa. Mama akisema, "Huyu ndiye nguzo ya nyumba hii," Betri alikubali kwa moyo mweupe, kwa sababu ilikuwa kweli.

Ndiyo maana hofu ilipoanza kuingia, iliingia kwa kunyata, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kuifukuza.

Sajenti alioa mshonaji nguo, mwanamke mcheshi ambaye Betri alimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Jumapili wifi alikuwa akija na binti yao mdogo, wakae na mama, wacheke hadi jirani agonge ukuta. Kisha Jumapili zikaanza kuruka. Na wifi akija, anakuja na mikono mirefu katika jua la kupasua mawe, anakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Niliteleza bafuni," alisema siku moja, kabla hata hajaulizwa.

"Bafu lenu lina utelezi gani huo?" Betri alimtania.

Wifi hakucheka. Mtoto aliacha kutafuna, akamtazama mama yake, kisha akamtazama shangazi yake, kisha akaendelea kula.

Muda si mrefu Sajenti akaleta redio yake karakana. Kasha lilikuwa limepasuka kona moja. "Ilidondoka," alisema, akatoka akipiga mluzi. Betri alipolifungua akakuta katika ule ufa msuko mwembamba wa nywele, nusu umefumuka, na chini yake kitu kikavu cha rangi ya kutu. Aliung'oa kwa kibanio. Alisimama nao mbele ya dirisha kwa kitambo, kisha akautupa kwenye pipa, akanawa mikono, akaweka kasha jipya. Ya ndoa hayaingiliwi, alijiambia. Akajiambia tena kesho yake, na tena keshokutwa. Jambo la kweli halihitaji kurudiwa namna hiyo.

Mchana wa siku yenyewe kituo kilikuwa kimelala. Wengine walikuwa wamekwenda kula, wengine wako barabarani. Koplo alifungua mlango wa karakana akiwa ameshika tumbo.

"Betri, nishikie simu. Maharage ya jana yameamua kuondoka."

"Nenda. Ila usihamie huko."

Akakaa kwenye kiti cha koplo, akavaa vile visikizi vya masikioni. Mtambo ulikuwa ukikoroma taratibu: gari moja linaomba ruhusa ya kujaza mafuta, jingine linasema liko sokoni. Simu ikaita. Akaipokea kama alivyofundishwa, akataja kituo, akauliza shida ni nini.

Kwanza alisikia pumzi tu. Kisha sauti ya mwanamke, ya chini kabisa, kama mtu anayeongea ndani ya mto.

"Naomba msaada. Ila tafadhali msitumie redio. Mume wangu ni askari. Redio yake iko wazi hapa, atasikia."

Betri aliitambua. Aliijua sauti ile ikicheka, ikiimba, ikimkemea mtoto. Hakuwahi kuisikia ikiomba.

"Wifi," alisema. "Ni mimi."

"Mungu wangu." Kisha, haraka, "Basi. Basi, samahani, nimekosea namba. Usimwambie kaka yako kwamba nimepiga. Nakusihi."

Hilo ndilo lililomchoma Betri kuliko yote yaliyofuata: kwamba mwanamke yule, akiwa amejifungia na kifo upande wa pili wa mlango, alipoisikia sauti ya wifi yake alizidi kuogopa.

"Usikate," alisema. "Wifi, usikate. Mimi niko na wewe. Uko wapi?"

"Chumbani. Nimeweka komeo. Mtoto ninaye hapa, chini ya kitanda."

"Yeye yuko wapi?"

"Sebuleni. Anaongea peke yake. Anasema leo tutamalizana. Bastola ameiweka mezani, ameiweka kama mtu anavyoweka kikombe."

Wakati huo gari la sokoni liliita tena kwenye mtambo, likiuliza kuhusu lori lililoegeshwa vibaya. Betri alilisikia mara mbili: mara moja kutoka kwenye mtambo ulio mbele yake, na mara ya pili, dhaifu, kupitia simu ya wifi, kutoka sebuleni kwa kaka yake. Maneno yale yale, "lori limeziba njia, lori limeziba njia." Hapo akaelewa kwa masikio yake mwenyewe jinsi walivyobanwa. Neno lolote atakalolisema redioni litasemwa pia sebuleni kwa kaka, karibu na ile meza.

Aliishika simu yake ya mfukoni, akampigia kiongozi wa doria, inspekta waliyemwita Babu kwa ajili ya mvi zake zilizomuwahi. Iliita hadi ikachoka. Babu akiendesha gari hapokei simu, kituo kizima kinalijua hilo. Akafikiria wengine. Huyu anacheza bao na kaka yake kila Jumamosi. Yule walipitia mafunzo pamoja. Yule mwingine ndiye baba wa ubatizo wa mtoto aliyekuwa chini ya kitanda. Ungemwamini nani kati ya hao kwamba hatampigia Sajenti na kumwambia, ndugu yangu, kuna nini huko kwako?

"Shangazi," ikasema sauti nyingine kwenye simu, ndogo. Mtoto alikuwa ameisogelea simu. "Baba akiingia nijifanye nimelala?"

Betri alijibu ndiyo, ajifanye amelala, na akashangaa sauti yake ilipotokea.

Mtambo ule ulikuwa na uwezo mmoja uliotumika kwa nadra. Redio ikiibwa au ikipotea, unaandika namba yake, unabonyeza, na redio inakufa hapo hapo ilipo, mwizi anabaki na kipande cha plastiki. Betri alikuwa ameshafanya hivyo kwa redio moja iliyoangukia mtoni. Kwa redio iliyo mkononi mwa askari aliye zamu, hakuna aliyewahi kuthubutu. Askari bila redio ni kama mtu aliyeziba masikio porini, na anayemziba lazima awe na ruhusa ya Mkuu wa kituo. Mkuu alikuwa mjini kwenye mkutano. Na raia asiye na cheo angemwomba ruhusa nani?

Alizijua namba zote kichwani. Aliandika ya kaka yake. Mtambo ukamuuliza kama ana uhakika. Akakosea kitufe, swali likafutika, ikabidi aanze upya. Mara ya pili akabonyeza.

Kwenye simu, kule sebuleni, mkoromo wa redio ulikatika.

Hapo hapo akafungua kipaza sauti cha mtambo na kusema asichowahi kukisema maishani: "Babu, Babu, ni kituo. Nenda nyumbani kwa Sajenti sasa hivi. Mke na mtoto wamejifungia chumbani. Ana silaha. Usipige king'ora." Mtambo ulinyamaza. Magari yote yalikuwa yamesikia. Ukimya ule ulimwingia mifupani, maana hakujua ni ukimya wa watu wanaokimbia au wa watu wanaotafuta simu zao.

"Nimekupata," Babu akajibu mwishowe. "Niko upande wa pili wa mji. Nakuja."

Katika sikio lake lingine kaka yake alikuwa ameanza kulaani. "Huyu Betri na mabetri yake mabovu," sauti ilisema kwa mbali. "Kila siku, kila siku." Kitu kikapigwa mezani. Kisha simu ya Betri, ile ya mfukoni aliyokuwa ameilaza mbele ya mtambo, ikaanza kutetemeka, na kiooni likatokea neno moja: Kaka.

Alilitazama. Asipopokea, kaka atajua kuna jambo. Akipokea, atasikia kwenye sauti yake. Lakini kuna kitu kimoja kingine alichokifikiria, na baadaye hakujua kilimjia kutoka wapi: mtu akiongea na wewe, hawezi kupigiwa na mwingine.

Alimnong'oneza wifi, "Ananipigia mimi. Nyamaza, usikate." Akasogeza kisikizi kimoja pembeni, akaweka simu ya mfukoni kwenye sikio lile, akaipokea.

"Kaka, shikamoo."

"Shikamoo ya nini? Redio imekufa. Umenipa betri ya makumbusho."

"Imezima kabisa au inawaka na kuzima?"

"Kabisa."

"Basi ni ncha. Toa betri. Kuna vile vichuma vya dhahabu chini yake, vifute kwa kitambaa kikavu. Taratibu, usivikwaruze."

Alimsikia akihema, akifungua betri. Mikono ya kaka ilikuwa mizito kwa kazi ndogo siku zote. Ndivyo alivyokuwa hata na nywele. Mlango wa chumba cha mawasiliano ukafunguliwa, koplo akaingia akijifungia mkanda, tayari na utani mdomoni. Betri alimwonyesha kiganja. Kisha akamwonyesha simu ya dharura, ambayo bado ilikuwa wazi, na simu ya mfukoni, na jina lililokuwa kwenye kioo. Koplo alikuwa rafiki wa Sajenti. Walikuwa wakila pamoja. Betri alimtazama usoni na kusubiri kuona atakuwa nani.

Koplo alikaa polepole kwenye kiti cha pembeni. Akavaa visikizi vya akiba, akasikiliza. Uso ukamwisha masihara. Akavuta kipaza sauti cha mtambo upande wake, akaanza kumwelekeza Babu njia za mkato kwa sauti ya chini.

"Nimefuta," alisema Sajenti. "Bado."

"Irudishe, bonyeza kitufe cha juu mpaka uhesabu pumzi zako tano."

"Bado. Sikiliza, mdogo wangu." Sauti ilibadilika, ikawa laini, na ulaini ule ulimtisha Betri kuliko ukali. "Huyu mwanamke anataka kuondoka na mtoto wangu. Nimekuta begi limefungwa. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningekaa chini kwanza."

"Nimechoka kukaa chini."

Alimsikia akiinuka, kiti kilikwaruza sakafu. Hatua. Kisha ngumi tatu kwenye mlango wa chumbani, na Betri alizisikia kwa masikio yote mawili, kwa simu mbili, kana kwamba naye alikuwa pale katikati, kwenye mlango wenyewe.

"Kaka," alisema. "Kaka, labda si betri. Labda ni mawimbi. Eneo lenu lina mabati mengi. Toka nje hapo uwanjani, kwenye uwazi, inua antena juu, nami nitakujaribu kutoka huku. Mkuu anakutafuta tangu asubuhi, akikukosa redioni utakuwa na kesi ya bure."

Jina la Mkuu lilifanya kazi ambayo jina la Mungu lisingefanya siku ile. Ngumi zilikoma. Hatua zikaondoka mlangoni. Mlango wa mbele ulilia.

"Ametoka," wifi alinong'ona.

Betri aliifunika simu ya mfukoni kwa kiganja. "Bastola?"

"Sijui. Siioni, niko ndani."

"Wifi, sikiliza. Fungua chumba, kimbia ufunge mlango wa mbele kwa ndani. Sasa."

"Siwezi. Miguu haina nguvu."

"Haina nguvu, nenda nayo hivyo hivyo."

Alisikia komeo la chumbani, kisha miguu peku ikikimbia, na kisha hakusikia kitu kwa muda ambao mtu angeweza kufa na kufufuka. Halafu ufunguo ukazunguka kwenye kitasa. Halafu wifi, akilia, "Iko mezani. Bastola iko mezani. Ameiacha."

Kwenye simu ya pili kaka yake alikuwa amesikia kitasa.

"Mdogo wangu," alisema. "Umefanya nini?"

Kwa nyuma ya kaka lilisikika gari likifunga breki kwenye kokoto, milango ikifunguliwa, na sauti ya Babu, ya kawaida kabisa, kama mtu aliyepita kusalimia: "Sajenti, habari za mchana. Weka hiyo redio chini, ndugu yangu. Na simu pia." Kisha simu ikakatika.

Koplo alimletea maji, akakishika kikombe yeye mwenyewe mpaka Betri akanywa.

Mtu angedhani hofu iliishia hapo. Ile ilikuwa hofu ya mbio. Iliyofuata ilikuwa hofu ya kukaa. Sajenti alinyang'anywa silaha, akawekwa ndani, akatolewa kwa dhamana. Wifi na mtoto walikwenda kwa dada yake, katika mji ambao Betri aliombwa asiuulize jina lake. Na kituoni watu wakaacha kuingia karakana. Betri zilizokwisha ziliachwa chini mlangoni, zimepangwa, kama chakula cha mbwa mkali. Akipita koridoni, mazungumzo yalikatika yakaungana nyuma yake. Asubuhi moja alikuta chaja zote zimechomolewa. Siku nyingine akasikia mtu akisema nyuma ya ukuta, bila hata kushusha sauti, "Raia anazima redio ya askari. Leo ya Sajenti, kesho ya nani?"

Lililomuumiza ni kwamba swali lenyewe halikuwa la kijinga.

Mkuu alimwita ofisini. Alikuwa mtu mpole mwenye tabia ya kunyoosha vitu juu ya meza vilivyokwisha kunyooka.

"Hii ni familia," alisema. "Familia yako na familia yetu. Nikiulizwa, nitasema redio iliharibika. Vyombo huharibika. Sajenti atapewa onyo, atahamishwa, mambo yatapoa. Wewe ukiulizwa utasemaje?"

Betri alitazama vidole vyake. Alitaka sana kusema kwamba iliharibika. Kazi ile ndiyo iliyowalisha yeye na mama yake, na fundi aliyefukuzwa na polisi nani angempa kazi?

"Nitasema niliizima."

"Bila ruhusa."

"Bila ruhusa, mzee."

"Unajipalia makaa."

"Najua. Lakini simu za dharura hurekodiwa zenyewe, na mtoto yumo. Alizungumza nami."

Mkuu alinyoosha kalamu iliyokuwa imenyooka. Betri alitoka bila kujua kama amefukuzwa, na kwa wiki nyingi aliingia kazini kila asubuhi akitarajia kuzuiwa getini.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu kabisa. Mama hakupiga kelele. Aliacha tu kula na bintiye meza moja. Alipomaliza siku kadhaa za ukimya, alisema mgongo ukiwa umegeuka, akiosha vyombo:

"Aliyekusuka nywele. Aliyekupeleka shule akiwa na viatu vilivyotoboka. Umemuuza."

"Mama, angewaua."

"Ulimwona akiua?"

"Ulitaka nisubiri nimwone?"

Mama akaendelea kuosha sahani ile ile.

Sajenti alikuja kituoni mara moja kabla ya kesi, kurudisha vifaa vya serikali. Betri hakuambiwa. Alikuwa ameinamia redio mezani, mwanga ukapungua, akainua macho na kumwona kaka amejaa mlangoni, amevaa nguo za kiraia zilizomlegea. Mkono wake ulikaza bisibisi wenyewe. Alipima kwa macho umbali wa mlango wa pili, na akajiona anapima, na ikamuuma kwamba amefika mahali pa kumpima kaka yake hivyo.

Sajenti aliweka redio mezani. Redio ile ile, iliyokufa.

"Ile shikamoo," alisema. "Wakati ule ulikuwa umeshaizima?"

"Ndiyo."

"Na ncha za betri, na mabati, na Mkuu?"

"Yote uongo."

"Sikuhisi kitu. Ulikuwa unaongea kama siku zote."

"Nilikuwa naogopa, kaka. Hata sasa naogopa."

Sajenti alimtazama mkono, akaiona bisibisi. Kitu kilipita usoni mwake ambacho Betri alishindwa kukisoma: pengine aibu, pengine hasira iliyopiga magoti ikisubiri siku yake. "Kumbe," alisema, na akaondoka. Betri alikaa hadi jioni bila kulehemu waya hata mmoja.

Kesi ilikwenda na kurudi kama mtu aliyesahau funguo. Wifi alikuja akasema yake, bila mikono mirefu. Koplo alisema yake pia, na tangu siku hiyo naye akawa anakula peke yake. Mwishowe wakaicheza sauti ya simu ile mahakamani. Mama alikuwa amekaa benchi la mbele, upande wa mwanawe, kama alivyokaa kila mara. Alisikiliza binti yake akifundisha namna ya kufuta betri. Alisikiliza zile ngumi tatu. Na ilipofika ile sauti ndogo ikiuliza kama ijifanye imelala, mama aliinama mbele polepole, akaziba masikio kwa ncha za kitenge, na hakuyazibua hata kanda ilipokwisha. Betri ndiye aliyemwinua.

Sajenti alifukuzwa kazi na kufungwa. Betri alipewa onyo kali la maandishi kwa kuzima redio bila ruhusa, akabakishwa kazini. Watu walirudi karakana kidogo kidogo, wa kwanza akiwa Babu, aliyesimama mlangoni na betri mbili mkononi na kusema tu, "Hizi zina njaa." Wengine hawakurudi hata leo. Anapotembea barabarani bado hugeuka nyuma, na simu ikiita ghafla moyo hutangulia kabla ya mkono.

Mama alimpigia mkwewe. Ilichukua muda mrefu wifi kupokea, na alipopokea hawakuzungumza sana, lakini mjukuu alipewa simu, akaeleza kwa kirefu kuhusu jino lake lililong'oka. Mama alisikiliza habari ya jino lile kama anasomewa hukumu.

Kisha ikaja habari kwamba Sajenti ana tabia njema gerezani, na kifungo chake kinakaribia kwisha. Betri ndiye aliyeileta nyumbani, akaisema akiwa bado amesimama. Mama alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Atakuja hapa," alisema. "Hana kwingine."

"Najua."

"Ni mwanangu. Siwezi kusema asije." Alichambua majani mengine mawili matatu. "Lakini akibisha hodi, mimi ndiye nitakayefungua. Wewe utakaa chumba cha nyuma na simu yako mkononi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Na namba ya yule mwenye mvi, niandikie kubwa kubwa. Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."